Nilibadilisha Mp3 Ndogo kwa Kubwa, Dorine Akabaki Ndani

Mwaka jana nilimsikia mke wangu akiongea ndani ya kibanda cha omena, dagaa wa ziwani, huko Sindo.

Wakati huo alikuwa na miezi saba kaburini.

Sikuwa nimekunywa. Mimi sinywi. Na mambo ya mizimu siyapendi, hata wazee wakianza hadithi hizo mimi hutoka nje kuangalia ng'ombe.

Ukitaka kunitukana, utanitukana. Ngoja tu nimalize kwanza.

Naitwa Gisiri. Mimi ni Mkuria, shule niliacha darasa la sita. Kazi yangu ni kununua ng'ombe soko la Ogwedhi na kuwaswaga mpaka Uriri kwa wenye bucha. Kwa miguu. Huu ni mwaka wa ishirini na tatu.

Mke wangu Dorine alikuwa Mjaluo wa upande wa Rangwe. Msabato, mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza.

Kijaluo changu mimi ni cha kununua samaki. Kikuria chake yeye kilikuwa cha kumsalimia mama mkwe, kikaishia hapo. Kwa hivyo nyumbani tuliongea Kiswahili. Tuligombana kwa Kiswahili, tukapatana kwa Kiswahili.

Tulikuwa na mp3 moja. Ndogo, ya bluu, ina spika inayokwaruza. Kifuniko cha nyuma kilipotea, nikaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Ilibeba nyimbo mia tatu na kumi na mbili. Hapo imejaa. Ukitaka wimbo mpya uingie, mmoja lazima utoke.

Vita vyetu vyote vilikuwa hapo: kwaya yake, na mzee wangu anayeimba na iritungu, kinubi chetu cha Kikuria.

"Baba Robi, toa huyo mzee wako wa iritungu. Analia kama mbuzi amefungwa kwa jua."

"Na wewe toa kwaya yako. Watu wote humo wanaenda mbinguni. Nani atabaki kulima?"

Alikuwa anacheka mpaka anashika mlango. Lakini mwishowe alitoa wimbo wake. Kila mara alitoa wake. Hilo nililiona baadaye, na baadaye haisaidii mtu.

Halafu akapatikana na uvimbe tumboni. Akaambiwa aende Homa Bay, apasuliwe. Siku gani, mimi sikuuliza.

Wiki ile alijaribu kuongea na mimi.

"Baba Robi, mimi nikienda na mambo yakiharibika..."

"Wacha upuzi. Utapona. Chai iko wapi?"

Kesho yake tena. "Kuna kitu nataka tuongee."

"Tutaongea ukirudi."

Ndivyo nilivyo. Mtu akianza jambo zito, mimi namkata. Sokoni anayesikiliza maneno mengi ndiye anauziwa ng'ombe mgonjwa, na nikaleta mambo ya soko mpaka kitandani.

Siku ya kuondoka alichukua ile mp3, akaitia kwa mfuko wa shati langu. Akaupigapiga mfuko kwa kiganja.

"Nimekuwekea kitu humo. Sikiza kabla ya siku ya soko. Usisahau."

"Sawa."

Akaondoka na binti yetu Robi, ambaye ndiye angekaa naye hospitali.

Nilitafuta, Mungu ni shahidi. Niliwaza ni wimbo. Kitu gani kingine kinawekwa kwa mp3?

Sasa nieleze jambo moja. Kioo chake kilikuwa kama ukucha, na maandishi ni Kiingereza. Mimi sikuwa nasoma majina, nilikuwa nahesabu. Kwaya ya Dorine, bonyeza mara arobaini na moja. Mzee wa iritungu, mara mia mbili na sita. Nilijua kila wimbo kwa kidole gumba.

Nikabonyeza kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mia tatu na kumi na mbili. Zile zile. Hakuna mgeni.

Nikasema maumivu yamemchanganya.

Lakini ile siku nilibeba wazo. Huyu mwanamke ametoa nyimbo zake miaka mingi kwa ajili yangu. Nitanunua mp3 kubwa. Nitampelekea hospitali nimwambie, kuanzia leo hakuna wimbo utatoka nyumba hii.

Nikaenda Migori mjini kwa Clifford, anayeuza simu na redio.

"Hii ni giga sitini na nne, mzee wangu," akasema. "Nyimbo elfu kumi na mbili! Unaweza tembea mpaka Musoma na urudi hujarudia wimbo."

"Na zangu?"

"Nahamisha zote. Hiyo ya zamani niachie, unaongeza kitu kidogo tu."

"Zote?"

"Mzee, nimesema zote."

Nilikaa hapo kwa stuli nikahesabu. Mia tatu na kumi na mbili. Nikaridhika. Nikamwachia ile ya bluu na mpira wake wa tyubu.

Sikugeuka hata kuiangalia.

Siku ya soko nilikuwa Ogwedhi mapema, mp3 mpya masikioni. Simu ikalia. Ni Dorine, kwa simu ya Robi.

"Baba Robi."

"Nakusikia."

"Ulisikiza?"

Nikajua ananiuliza habari ya nyimbo.

"Nimesikiza! Tamu sana. Tangu asubuhi sijatoa masikioni."



"Na bado uko Ogwedhi?"

"Si leo ni soko? Leo ng'ombe ni wengi, wacha tu. Kesho nakuja, nina kitu chako."

Nikasikia magurudumu yakipita kwa sakafu.

"Sawa," akasema. "Basi."

Hilo ndilo neno la mwisho mke wangu aliniambia. Basi.

Walimpasua, hakuamka. Daktari alitueleza kila kitu, na yeye mwenyewe macho yalikuwa mekundu. Sina neno na mtu yeyote wa Homa Bay.

Tukamzika nyumbani, Uriri. Kwaya yake ilikuja yote, ikaimba ile ya arobaini na moja, na ikashindwa kuimaliza.

Baada ya hapo Robi aliacha kuongea na mimi.

Hakunitukana. Aliniwekea chakula, akatoka nje. Nikimwita, "Abee," akasimama mlangoni. Nikimaliza, akaenda. Nikasema ni uchungu, utaisha.

Miezi saba.

Siku moja mchana nilikuwa nimekaa nje nikisikiliza mzee wangu wa iritungu. Robi alikuwa anaosha vyombo. Akaangalia mkono wangu.

"Ile ya bluu iko wapi?"

"Nilibadilisha. Hii ni kubwa."

"Ulibadilisha lini?"

"Mkiwa Homa Bay."

Akaweka sufuria chini.

"Na sauti ya mama?"

"Sauti gani?"

"Baba! Ile alikurekodia. Mimi ndiye nilimwonyesha pa kubonyeza. Akaniambia nitoke nje, hayo ni maneno yako wewe."

"Nilibonyeza zote mia tatu na kumi na mbili, Robi. Hakukuwa na kitu."

"Rekodi haikai na nyimbo! Ina mlango wake na nafasi yake!"

Akakaa chini pale pale kwa maji machafu.

"Siku ile aliponirudishia simu, alisema, 'Amesikiza.' Halafu akageukia ukuta. Nikajua alikuomba kitu ukakataa. Baba, mimi nimekuchukia miezi saba."

"Aliomba nini?"

"Sijui. Si nimekuambia nilitoka nje?"

Kesho yake saa mbili nilikuwa kwa Clifford.

Akakuna kichwa. "Ya bluu, yenye mpira? Ile nilifuta nyimbo nikajaza za injili za Kijaluo, nikauzia mama mmoja wa omena wa Sindo. Namkumbuka vizuri. Alirudi hapa akasema kuna mwanamke anaongea ndani. Nikamwambia lete nifute. Mzee, alinitukana! Akaishika kifuani kama mtoto, akaenda."

"Jina?"

"Jedidah. Ukifika Sindo uliza tu. Ana sauti kama honi."

Sindo hawakunizungusha. Nilionyeshwa kibanda chini kule ziwani, mbele yake omena imeanikwa kwa nyavu, inang'aa kama bati jipya.

Sikuwa nimefika mlangoni nikasikia.

"Baba Robi. Wewe..."

Ilikuwa ni yeye. Na kule kukwaruza kwa spika kukiwa juu yake. Nikashika mti wa kibanda.

Mama mmoja mnene alitokea, mp3 ya bluu imening'inia shingoni kwa uzi, mpira wangu bado uko. Akaizima.

"Omera! Umekuja kununua ama umekuja kuanguka?"

"Mama, huyo anayeongea..."

"Huyu? Huyu ni rafiki yangu. Mimi sijui kusoma, nilikuwa nabonyeza kila kitu, siku moja akatokea. Tangu hapo tunaanika omena pamoja."

Fikiria. Mimi nimesoma kidogo, nikaogopa kubonyeza nisichokijua. Yeye hajasoma kabisa, akabonyeza vyote, akampata mke wangu.

"Keti usikie," akasema. "Lakini ni maneno ya nyumba ya watu. Usicheke."

Akarudisha mwanzo.

"Baba Robi. Wewe hunipi nafasi ya kuongea, kwa hivyo nimeongea na hiki kidude. Hiki huwezi kukata maneno. Watanipasua siku ya soko. Najua ni soko. Miaka yote sijakuomba uache Ogwedhi, hata nikizaa Robi ulikuwa huko. Leo naomba hii moja. Naogopa. Kwaya nimewaambia siogopi. Robi nimemwambia siogopi. Naogopa, Baba Robi. Kuja asubuhi kabla hawajanisukuma. Usiseme kitu. Hata ukinuna ni sawa. Nataka tu nione huo uso wako mbaya. Usipokuja nitaelewa. Lakini kuja."

Halafu akaimba.

Sio kwaya. Aliimba wimbo wa mzee wa iritungu, ule wa mbuzi kwa jua. Kikuria chote amekosea. Aliimba mpaka mwisho.

Mama Jedidah alizima, akapangusa macho kwa leso.

"Kila siku nasikiza na kila siku kitu kimoja kinanisumbua," akasema. "Huyu mwanamume, alienda?"

Nikapangusa uso kwa mkono wa shati.

"Wewe unalia kama mtu anawajua."

"Nawajua. Ni watu wa upande wetu."

"Yawa!" Akanishika mkono, ule wake umejaa magamba. "Basi niambie. Alienda?"

Wanaonijua watakuambia mimi sidanganyi. Ng'ombe akiwa amekonda nasema amekonda, hata mwenyewe akiwa na wateja. Nimepigwa ngumi sokoni kwa sababu ya mdomo huu.

Nikamwangalia yule mama. Alikuwa amesimama mkao wa mtu anayengoja habari za ndugu yake.

"Alienda, Mama."

"Nyasaye, Mungu wangu! Nilijua!" Akapiga makofi, akazunguka mara moja pale kwa omena. "Nilimwambia dada yangu, mwanamume akiombwa hivi hawezi kukosa, hata awe jiwe! Na mama mwenyewe, alipona?"

"Alipona."

"Anafanya nini sasa?"

"Anaimba kwaya."

Alifurahi hata akanifungia omena ya bure kwa gazeti.

Nilimwomba anipe ile mp3 dakika chache. Nikaipeleka duka la simu hapo juu barabarani, fundi akanihamishia ile sauti kwa mp3 yangu kubwa. Safari hii nilimwambia afungue kila mlango. Halafu nikamrudishia Mama Jedidah ya kwake.

Ningeanzaje kumwambia nataka kuichukua? Nilishamwambia mwenyewe yuko hai na mumewe yuko naye.

Nilipofika nyumbani Robi alikuwa ananingoja kwa njia. Tulikaa kwa benchi, kila mtu sikio moja. Ilipoisha hakulia.

"Asubuhi ile," akasema, "kila mlango ukifunguliwa aliinua kichwa. Nesi, mfagizi, watu wa chai. Kila mtu aliyeingia alimwinulia kichwa. Mpaka alipokupigia."

Siku hizi Robi anaongea na mimi. Mengine ananiambia ni machungu. Simkati.

Clifford alisema hii mp3 inabeba nyimbo elfu kumi na mbili. Nimezifuta zote, na mzee wa iritungu nimemfuta. Ina kitu kimoja tu ndani, na sitaki kiongezeke cha pili.

Nyinyi wenye wake na waume, sina hekima ya kuwapa. Nina hili tu. Mtu wako akisema kuna kitu anataka muongee, weka chini hiyo chai. Mwache amalize. Usingoje aende kuongea na kidude.

Na kuna neno moja limebaki.

Mama Jedidah hajui kusoma, lakini Sindo wenye simu ni wengi. Kama unamjua, yule mama wa omena mwenye mp3 ya bluu shingoni, tafadhali mkalishe chini umsomee hapa mwisho.

Mwambie yule mzee aliyeshika mti wa kibanda chake ndiye Baba Robi.

Mwambie pole kwa kumdanganya.

Mwambie hakuenda.