Kiatu Nilichomwonyesha Baba

Namshukuru Mola aliyetupa macho ya kutazama, na akawapa subira wale wasio na wa kutazamana naye. Wa mbali na wa karibu kwake ni sawa, wote anawaona. Kwa jina lake nayasimulia haya, nikimwomba aniepushe na kutia chumvi.

Wiki iliyopita mjukuu wangu Salma alikuja kwangu, hapa Tottenham mjini Landani, na kitabu kikubwa cha chuoni kwao. Anasomea historia ya picha, na muhula huu wanasoma zile zilizochorwa na zilizopigwa zamani huko Marekani, wakati watu walipokuwa wakihamia mbuga za mbali zisizokuwa na mji wala barabara. Alikiweka mezani akakifungua, na ile harufu ikanipanda puani: harufu ya karatasi nene inayong'aa, kama gundi iliyochanganywa na siki. Nilikuwa sijainusa tangu utotoni.

"Bibi, unalia?" aliniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, maana Kiswahili anakielewa chote ila ulimi wake umezaliwa hapa.

Nikamwambia ni vitunguu. Salma alitazama jikoni, akaona hata sufuria haijatoka kabatini. Kwa adabu akafunua ukurasa mwingine. Basi yale ambayo sikumwambia yeye nakuambia wewe.

Nilikuwa na miaka kumi. Mimi na mama tulikuja Landani baada ya mambo kuharibika kwetu Pemba, na baba akabaki kule mjini Chake akingoja karatasi zake za kusafiria. Tulipanga chumba kimoja cha juu katika nyumba ya matofali mekundu, na humo tulilala, tulipika na tulisali. Mama alifua mashuka ya hospitali. Alitoka kabla sijaamka na kurudi giza limeshaingia, na wakati wa baridi giza la hapa huingia mapema kama lina miadi. Mimi nikitoka shule nilijifungulia mlango kwa ufunguo niliouvaa shingoni, nikakaa kitandani na koti langu, kwa sababu nilikatazwa kuigusa hita ya mafuta ya taa. Nilisoma kwa sauti sura za Kurani nilizohifadhishwa chuoni kwetu Pemba. Leo watu husema nilikuwa mtoto mcha Mungu. Niseme kweli, nilisoma ili nisikie sauti ya mtu chumbani.

Shuleni hakuna aliyenifanyia ubaya. Hawakunifanyia chochote. Wakati wa mapumziko nilisimama karibu na bomba la maji, nikajifanya nina kiu.

Mwalimu wetu wa kuchora alikuwa mwanamke mrefu mwembamba tuliyemwita Misi Pell, ambaye vidole vyake havikutakata rangi hata siku moja. Alikuwa na kitabu kikubwa cha picha za huko Marekani, na ndicho kilichokuwa na harufu ile. Siku moja aliandika neno moja ubaoni, frontier, jina la nchi zile za pembeni ambako watu walikwenda kuanza maisha, akatwambia twende tukaulize nyumbani maana yake.

Nilimuuliza mama akiwa anavua viatu. Naye alikuwa amejaa mvuke wa dobi na usingizi. Akafungua kamusi yetu ndogo, akafuata mstari kwa kidole.

"Mpaka," akasema.

"Mpaka nini?"

"Mpaka, basi. Hebu nipishe, mwanangu, miguu inaniwaka moto."

Sasa ndugu yangu, nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na kazi moja tu. Hatununui mapazia mpaka babaako aje. Hatufungui sanduku kubwa mpaka babaako aje. Usiwazoee sana watu wa hapa, mpaka babaako aje tujue tunakaa au tunarudi. Mpaka wa nchi na nchi nilikuwa sijawahi kuuona. Huu mwingine nililala nao na kuamka nao.

Basi kesho yake Misi Pell alipouliza, nilinyosha mkono kwa mara ya kwanza. Nikasema kwa Kiingereza changu cha kubahatisha kwamba hapo ni mahali watu wanapongoja hadi.

"Hadi nini?" akauliza mvulana mmoja nyuma.

"Hadi," nikasema. "Hawajajua bado."

Darasa zima lilicheka. Kuna waliopiga meza. Misi Pell hakucheka. Aliyaandika maneno yangu ubaoni chini ya neno lake, akafungua kitabu.

Kwanza alituonyesha picha ya kuchorwa: magari ya ng'ombe yakipita chini ya mbingu ya dhahabu, milima mikubwa hata mtu anaonekana kama punje. Akasema mchoraji aliipaka rangi mjini, akaongeza milima apendavyo. Kisha akatuonyesha iliyopigwa kwa kamera. Hapo palikuwa na nyumba ya udongo na majani, na mbele yake familia imesimama kwenye uwanda mtupu. Walikuwa wametoa nje meza yao, saa ya ukutani, na hata ng'ombe wamemleta karibu. Nikajiuliza ni kichaa gani huyu anayetundika saa nje.

"Picha hii ilikuwa barua," Misi Pell akasema. "Walitaka ndugu zao waliowaacha mbali waone kwamba hawakosi kitu. Lakini tazameni miguuni. Juu watu hujipamba, chini husahau."

Tukatazama. Mama wa familia ile alikuwa na gauni lenye lesi, na chini yake hana viatu.

Jioni ile nilirudi chumbani, nikaitoa picha ya baba. Ilikuwa imefika na barua majuma mawili nyuma, na mama aliisimamisha kwenye rafu ya juu ya meko ya ukutani, kioo kikiwa nyuma yake. Baba amevaa kanzu nyeupe, koti jeusi na kofia, amesimama studio kwa mpiga picha wa Chake mbele ya pazia lililochorwa ngazi za jumba la kifalme. Anatabasamu. Kila siku mama aliniambia, "Umemwona babaako alivyonawiri?" nami nilimwona alivyonawiri.

Nikatazama miguuni. Kiatu cha kulia kilikuwa kimefungwa vizuri. Cha kushoto kiliachwa wazi, gidamu zimelala chini pande mbili, na mguu umejaa ndani yake kama unga ulioumuka ndani ya kikombe. Nikautazama mkono wake. Niliudhani umepumzika juu ya mgongo wa kiti, kumbe umekishika kiti, vidole vimekaza.

Mama alipoingia hata buibui hakuwahi kuvua. "Mama, baba anaumwa. Mguu umemvimba, haufungiki kiatu."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona."

Alikuja akaichukua picha mkononi mwangu, akaitia ndani ya barua yake. "Funga mdomo wako, Zuhura. Watoto wa huku wamekufundisha ujuaji." Hakuwahi kunisemesha hivyo kabla. Tulikula wali mkavu, na hita ikinukia katikati yetu.

Jumamosi ya juma lilelile mama hakwenda kazini. Alinisuka nywele kwa mafuta mengi, akaazima koti la kijani kwa jirani wa chini, mwanamke wa Jamaika, akanivisha, akajitia wanja. Tukaenda kwa mpiga picha, mzee wa kutoka Saiprasi, mwenye studio ndogo nyuma ya duka la nguo. Naye alikuwa na pazia lake: milima yenye theluji na ziwa la buluu.

Mama alilitazama, akacheka kidogo. "Atadhani tumehamia milimani."

Mimi nilikuwa nayajua yote sasa. Nilijua kwamba hapo ndipo tunapotundika saa nje. Viatu vyangu vya shule vilikuwa vimeachama mbele, mama alivishona kwa uzi wa gunia, na kwa hiyo aliweka mkoba wake mkubwa chini, mbele ya miguu yangu, akaurekebisha mara mbili. Nilielewa anataka baba atuone hatuna shida. Lakini mimi nilitaka baba aje. Nikawaza kwa akili ya miaka kumi: akituona tumenawiri, atangoja huko. Akiona kiatu, atapanda ndege.

"Tazameni hapa," akasema yule mzee, akaingiza kichwa nyuma ya kamera. "Tabasamu, binti!"

Nikatabasamu. Na kabla mwanga haujawaka niliutoa mguu wa kulia pembeni mwa mkoba.

Mama aliiona picha ilipokuwa tayari. Aliitazama kwa muda mrefu dirishani, juu hadi chini, nami nikangoja kofi. Halikuja. Akaandika nyuma yake majina yetu, akaitia kwenye bahasha, tukaenda posta siku hiyohiyo, akihimiza hatua.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Mama alinisomea kitandani, koti likiwa mabegani kwetu wote wawili. Baba alisalimu, alituombea dua, alisifu milima. Kisha mama akaendelea kwa sauti ndogo: "Mwambie mwanangu nimekiona kiatu alichonionyesha. Asione haya. Hata mimi katika picha ile changu hakikufungika."

Hakupanda ndege. Khabari ya kufariki kwake ilitufikia kabla baridi haijaisha, nasi tulimfanyia hitima katika chumba kile, mimi, mama, na yule jirani wa chini aliyekaa kimya kwa heshima, kitambaa kichwani, asielewe neno.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyemmaliza. Nilimtwika mgonjwa kiatu kibovu na bahari nzima katikati. Niliolewa na siri hiyo, nikalea nayo, nikafundisha watoto wa watu dini nayo imenikaa kifuani, na katika sijida ndefu ndiyo iliyonitoa machozi. Mama alipokuwa mzee sana, na mimi ndiye nikimwosha miguu, nilimwambia.

Alinishangaa. "Kwani wewe unadhani ni wewe uliyeuona ule mguu kwanza? Mimi niliuona siku bahasha ilipofunguliwa."

"Mbona ulinikemea, mama?"

"Ningekujibu ningelia, na ningelia nisingeweza kwenda studio. Nilikuwa nakimbizana na siku, Zuhura. Nilitaka atuone kabla hajaondoka duniani."

"Na kiatu?"

Alifikiri, mguu wake ungali mkononi mwangu. "Ningeweza kupiga nyingine. Yule mzee alisema atanipigia bure. Nikaona, babaako nimemwandikia uongo mtupu mwaka mzima, na yeye kaniandikia wake. Acha mmoja wetu amwambie ukweli. Kama si wewe, tungeagana kwa mapambo."

Nilidhani tulikuwa watatu, kila mmoja amefungiwa peke yake na anachokijua. Kumbe sote tulijua kitu kimoja, tukakosa tu wa kuanza kukisema, na Mola akamchagua aliye mdogo na asiye na busara.

Msomaji wangu, kama leo unakula peke yako katika nchi isiyokujua, Mwenyezi Mungu akutume mtu usiyehitaji kumpangia sura. Na wale uliowaacha mbali, awape afya ya miguu yao, na awape ujasiri wa kukueleza siku wakiikosa. Amin.