Mashine Iliyokoboa Hewa

Mwaka ule mvua ilipokata reli, dizeli iliacha kufika Mpanda, nami nikawa mwongo wa kila asubuhi.

Kampuni yetu ilikuwa na jina refu kwenye karatasi. Kwa macho ilikuwa mashine ya kukoboa mpunga pale Makanyagio, ghala la bati na wafanyakazi saba, mimi nikiwa meneja. Wakulima walihifadhi magunia kwetu, wakakoboa kidogo kidogo. Mwenzetu wa upande wa pili wa mji, mashine yake ilikaa kimya siku mbili tu, wateja wakaja kuzoa mpunga wao wote. Akafunga. Basi niliogopa. Sisemi nilikuwa na wasiwasi. Niliogopa kila nikiona mtu anakuja na baiskeli tupu, tayari kubeba magunia yake.

Nikaamua mashine isinyamaze. Kila asubuhi iliwashwa robo saa, haikoboi kitu, ili mtaa usikie. Waliokuja kukoboa niliwaambia kuna kifaa kinarekebishwa, waje kesho. Siku ya nne fundi wetu, mtu mzima kuliko mimi, alichovya kijiti kwenye tangi akanionyesha kilivyolowa nchani tu.

"Bosi, tunachoma mafuta bure. Si bora tuwakobolee watu hata gunia mbili?"

"Washa!" nilimkaripia. Woga ulikuwa umenifanya mkali kama mbwa wa kufungwa.

Kesho yake, mashine ikiunguruma, akaingia mama mmoja kutoka Kawajense na debe la mpunga kichwani, kanga imelowa chapa. Hajalitua, injini ikakohoa, ikazima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Tumefiwa, watu wamejaa nyumbani. Wenzangu walisema tutwange, nikawaambia hapana, wale wa Makanyagio wanawasha, nimewasikia mwenyewe."

Nilitamani ardhi inimeze. Fundi alikwenda kuazima kinu nyumba ya jirani. Nikafikiria tufunge mlango wa ghala tutwangie ndani, asiyejua asijue. Nadhani alinisoma, maana alikiweka barazani, mbele ya barabara, akanikabidhi mchi.

Nilitwanga. Wafanyakazi walisimama wakinitazama, nami nikakosa kinu mara mbili. Mteja wetu mmoja, mwenye magunia kumi ghalani, akapita, akarudi nyuma.

"Bosi, vipi tena? Si nimeisikia asubuhi hii?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Mama alikuwa amechuchumaa pale pale akipepeta.

"Dizeli imeisha," nikasema. "Nimeimaliza kwa kelele."

Akaondoka bila kuaga. Kabla ya adhuhuri alirudi na baiskeli tupu, na nyuma yake wenzake wanne. Mama alikuwa bado hajamaliza kupepeta. Niliweka mchi chini, nikaenda kuwafungulia ghala.