Siyo Salfa, ni Sindano

Mgongo wangu umechoka kuliko mimi mwenyewe. Napeleka chanjo vijiji vya kutoka Madimba kwenda Kilambo, mchanga mtupu, na pikipiki yangu ya zamani ilikuwa inanivumilia. Ilipokufa, ofisini wakanipa nyingine kuukuu, tustroki, zile za kuchanganya oili kwenye petroli.

"Bwana afya, ukisahau oili injini inanoki, inakufa," fundi Ramadhani aliniambia. "Na kwa umri huo, nawe utanoki nayo."

Oili sikusahau. Kwenye mchanga ilikuwa nyepesi, nakubali, lakini ukiachia mafuta injini haikushikilii kama breki, inaserereka tu. Na kelele zake, jamani. Asubuhi ya kwanza nayo nilifika kijiji kimoja hadi meno yanauma.

Surua ilikuwa imeshaingia kijiji cha jirani, na barafu ya kwenye sanduku la chanjo haimsubiri mtu. Zamani nikikata tu kona ya msikitini, akina mama walishausikia mlio wangu, wanatoka na watoto mgongoni. Siku hiyo uwanja mtupu. Nikazunguka kijiji kizima na pikipiki ili wanisikie. Kadiri nilivyozunguka, ndivyo milango ilivyofungwa. Hata vyungu vilifunikwa. Niliumia sana. Nilidhani wamenichoka, kama mimi nilivyojichoka.

Nikabisha kwa Mwanaidi, ambaye watoto wake wote nimewachanja mimi. Akachungulia, kanga puani.

"Mama, nimewakosea nini?"

"Kumbe ni wewe, baba? Sisi tumesikia pampu. Tukaingiza watoto ndani, salfa isiwaingie machoni."

Pampu ni ile mashine ya kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga. Nayo inakunywa petroli ya kuchanganya, mlio ni ule ule, moshi ni ule ule. Na msimu wenyewe ndio huu wa kupulizia.

Nikazima pikipiki, nikainama kubeba sanduku. Mwanaidi akaninyang'anya, akajitwika.

"Lete huku. Mgongo wako unasikika kuliko hiyo pikipiki."

Akatangulia nyumba kwa nyumba, anaita, "Siyo salfa, ni sindano. Bwana afya kaja." Milango ikafunguka mmoja mmoja.

Mtoto wa mwisho alipochanjwa, barafu ilikuwa imebaki vipande vichache. Nikakaa kizingitini kwa Mwanaidi, machozi yakanitoka. Aliniletea uji, akaniambia mwezi ujao nizime pikipiki pale msikitini; mlio ukikatika hapo watajua ni mimi, watakuja kunipokea sanduku.