Fundi Akae Kiti cha Mbele

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwa Winifrida Kapinga ni taya lake. Upande wa kushoto limebonyea kama bati lililopigwa nyundo, na anapocheka, mdomo wote hukimbilia upande mmoja. Mteja mgeni hulitazama taya hilo, halafu huutazama mnyororo mnene uliotundikwa mlangoni mwa gereji yake pale Mbinga mjini, na moyoni huhisi kwamba viwili hivyo vinahusiana. Hakosei.

Miaka kumi na miwili iliyopita, Winifrida alikuwa mwanafunzi wa Mzee Romanus, fundi aliyejulikana kwa kazi moja: kuinua pikapu. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yalikuwa yamechimba mifereji barabarani, na pikapu ambazo injini husukuma magurudumu ya nyuma tu zilikuwa zikikwama, tumbo limekaa juu ya tuta na magurudumu yanazunguka bure. Mzee Romanus alizipandisha. Nyuma aliweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi bapa. Mbele aliweka springi za kuviringa zilizo ndefu zaidi, na springi ya namna hiyo haiingii mpaka ikandamizwe kwa jeki.

Siku moja jeki iliteleza. Springi iliruka, ikampiga mzee kifuani, ikagonga ukuta na kumrudia Winifrida usoni. Mzee Romanus alikata roho palepale, spana ingali mkononi. Winifrida alitema meno manne kwenye kiganja chake, akayatazama, kisha akaanguka.

Aliporudi kuiendesha gereji ya mzee, alikuja na mnyororo. Tangu hapo haigusi springi kabla ya kuifunga kwenye fremu ya gari. Sharti jingine alilirithi kwa mzee mwenyewe: fundi aliyeinua gari hukaa kiti cha mbele safari ya kwanza ya kushuka ziwani. Kama kazi ni mbovu, na yeye aionje.

Mwanzoni mwa mwaka huu alikuja Abdulhamid, mfanyabiashara anayenunua usipa, wale dagaa wa ziwani, huko Lituhi ufukweni na kuuleta Mbinga. Alitaka pikapu yake ipande.

“Fundi, inua mpaka nikikaa ndani nione mapaa ya watu.”

“Inchi mbili na nusu. Ukizidisha, mpira wa breki wa nyuma utavutika mpaka ukatike.”

“Wenzangu wamepandisha inchi sita!”

“Wenzako magari yao yanavuta kwa miguu yote minne. Lako hata nikilipeleka mawinguni, litabaki kusukuma kwa miwili.”

Watu waliokuwa wakisubiri gerejini walicheka. Abdulhamid hakucheka.

Kazi ilipokwisha, Winifrida alipanda kiti cha mbele, na dereva, kijana mpole aitwaye Victor, akashuka naye hadi ufukweni. Walirudi jioni wakinuka usipa, breki zikiwa imara.

Wiki tatu baadaye pikapu hiyo ilipinduka kwenye mteremko. Breki zilikufa katikati ya kona. Gari lilibiringika mara mbili na kumbana Victor mguu, naye alilala chini ya chuma kile kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Kesho yake watu waliivuta pikapu hadi mbele ya gereji, wakaiacha pale kama maiti iliyorudishwa kwa muuaji wake. Mbele yao alikuwa Wilfred, mdogo wake Victor, ameshika nondo. Nyuma yake mtu alibeba dumu la petroli.

“Mama, ulimfanya nini kaka yangu?”

Winifrida alifungua mdomo ajibu. Nondo ilifika kabla ya jibu. Alisikia mfupa wa mkono wa kushoto ukilia, kisha akajikuta amepiga magoti kwenye oili. Jiwe likampata begani. Mtu akamwagia mlango petroli.

“Choma!” mwanamke mmoja alipiga kelele. “Choma na yeye humo ndani!”

Winifrida alijiinua kwa mkono mmoja. Damu ilikuwa ikimtiririka kutoka kwenye nyusi.

“Lazeni gari ubavu kwanza,” alisema. “Tuangalie chini. Mkikuta ni kazi yangu iliyomvunja Victor, sitakimbia. Nichomeni.”

Watu walisita. Abdulhamid, aliyekuwa amejibanza nyuma kabisa, akapaza sauti: “Tunapoteza muda wa nini? Gari lenyewe limeshakufa!”

Wilfred aligeuka, akamtazama kitambo. Ni gari la Abdulhamid. Kwa nini yeye ndiye asitake liangaliwe? “Lazeni,” aliamuru.

Wanaume kumi walisukuma. Pikapu ililala ubavu kwa kishindo, na chini yake kila mtu akaona. Juu ya chuma cha Winifrida kulikuwa na gogo la mninga lililochongwa vizuri, bado jekundu. Mpira wa breki ulikuwa umekatika katikati, ncha zake zimechanika kama uzi uliovutwa mno.

“Gogo hili ni la nani?” Wilfred aliuliza polepole.

“Niliongeza kidogo tu,” Abdulhamid alisema. “Nilichongewa na seremala wa vitanda.”

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Ngumi ya kwanza ilimwangusha Abdulhamid, na mateke yakafuata bila hesabu, kichwani, mbavuni, mgongoni. Mtu alilikamata lile dumu. Winifrida aliona petroli ikimlowesha Abdulhamid shati, akamsikia akimwita mama yake kwa sauti ya mtoto. Kwa mkono wake mzima aliuchomoa mnyororo mlangoni, akauzungusha juu ya kichwa na kuushusha. Ulimpata Wilfred kwenye goti. Ulimpata mwenye dumu kwenye vidole, dumu likaanguka. Aliendelea kuuzungusha, akipumua kwa mkoromo, mpaka Abdulhamid akabaki peke yake katikati ya duara.

“Gereji hii ilishaua mtu mmoja,” alisema. “Wa pili hafi hapa! Atakayesogea nampasua!”

Hakuna aliyesogea mpaka polisi walipofika.

Abdulhamid alipona, akiwa na meno machache kuliko ya Winifrida. Victor aliwekewa vyuma mguuni. Lakini tangu siku ile hakuna pikapu hata moja iliyoletwa kuinuliwa. Watu waliliona lile gogo kwa macho yao, na bado wakipita gereji hutazama upande wa pili. Wanasema watamwamini fundi siku gari lilelile litakaposhuka Lituhi na kupanda tena. Winifrida ameisikia kauli hiyo sokoni, na hata kanisani.

Abdulhamid alikubali pikapu itengenezwe upya, kwa inchi mbili na nusu. Asubuhi ya kazi alitokea Wilfred, akichechemea.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umekuja kumalizia mkono wa pili?”

“Nimekuja kushika jeki.”

Winifrida alimwonyesha pa kupiga magoti. Waliifunga springi ya mbele kwa mnyororo, wakaanza kuikandamiza. Ilipokaribia kuingia, kitako cha jeki kilivunjika. Springi ililipuka. Mnyororo uliinyaka hewani, ukalia mara moja kwa ukali kama kengele, na springi ikasimama ikitetemeka shubiri moja kutoka kwenye paji la uso la Wilfred. Kijana alikaa chini.

“Sasa umeelewa taya langu,” Winifrida alisema. “Lete jeki nyingine.”

Leo ni Alhamisi. Pikapu imesimama mbele ya gereji, imefungwa boliti zote, mpira wa breki ni mpya na una nafasi ya kutosha. Victor amekuja kwa gongo lake, amekaa kwenye usukani, amekanyaga breki mara ishirini. Halafu amesema ataendesha mwenyewe.

Safari ya kwenda Lituhi na kurudi ni Jumamosi, saa moja asubuhi. Mji mzima unajua. Wilfred atakaa nyuma, juu ya matenga matupu ya usipa. Winifrida amekwisha kukifuta kiti cha mbele kwa kitambaa chenye sabuni, na kila anapopita karibu na gari anashindwa kujizuia: anainama, anaishika boliti moja, anaijaribu tena kama imekaza.