Pweza Ana Mioyo Mitatu

Juzi nilikwenda kwa daktari wa meno. Nasema nilikwenda, lakini ukweli nilipelekwa. Mke wangu alinitia garini kama mtu anavyomtia paka kapuni, maana kunitoa mimi nyumbani ni kazi ya watu wawili na sababu tatu. Basi nimelala kwenye kile kiti chao, mdomo wazi, pamba shavuni, daktari akachovya kitu kwenye kichupa akanipaka kwenye jino. Ikanijia harufu ya karafuu, nikacheka. Daktari akarudi nyuma na kifaa chake mkononi, akaniuliza kwa Kiarabu kama naumia. Nikamjibu, kwa namna mtu mwenye pamba mdomoni anavyoweza kujibu: "Hapana, ni shangazi yangu."

Akamtazama muuguzi.

Nyinyi nitakuelezeni vizuri zaidi kuliko nilivyomweleza yeye.

Nilikuwa darasa la nne, hapa hapa Maskati, mtaa wa Darsait ambao sijauhama mpaka leo. Tulikaa ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na lifti: baba, mama, mimi na Shangazi Zuwena. Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Alikuja kutoka Unguja akiwa mtu mzima, na Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia. Cha kununulia nyanya alimwachia mama. Alikuwa mnene, mcheshi, na akishuka ngazi alishuka upande upande kama kaa, mkono mmoja ukutani. Mimi nilikuwa nikimwigiza nyuma yake. Utoto una adabu yake.

Skuli ilikuwa nyuma ya jengo letu, karibu kiasi kwamba sikuwa na kisingizio cha kuchelewa, ingawa sisi hatukuiona wala kuisikia. Madirisha yetu yalitazama barabara, na huko mafundi wa magari walianza kugonga mabati kabla hatujamaliza chai.

Siku ya mwisho kabla ya likizo ya Januari, mwalimu wetu aliingia na tangazo. Alikuwa Mmisri, jina lake Abla Samiha. Abla ndivyo tulivyowaita walimu wote wa kike. Akasema siku ya kwanza ya muhula wa pili darasa letu ndilo litakaloshika idhaa ya asubuhi. Idhaa yenyewe ilikuwa hivi: kila asubuhi, skuli nzima imesimama mistari uwanjani, watoto wachache wanapanda jukwaani na kusoma kwenye kipaza sauti. Mmoja Kur'ani, mmoja dua, mmoja habari za skuli, na wa mwisho ile sehemu niliyoipenda kuliko zote, "Je, Wajua?"

"Nani hasafiri likizo hii?" akauliza Abla. Alitaka mtu wa uhakika, asije akakwama Salala au Dubai siku ya kusoma.

Kila mtu alikuwa na pa kwenda. Mkono ulionyanyuka ulikuwa mmoja, na ulikuwa wangu. Hivyo ndivyo nilivyopata "Je, Wajua?" Sikuchaguliwa kwa sauti wala kwa akili. Nilichaguliwa kwa sifa pekee niliyonayo mpaka leo, ya kutokwenda popote.

Ruqaya, msichana aliyekaa nyuma yangu na ulimi wake ukiwa mbele yake, alikuwa amejigamba wiki nzima kwamba anasafiri. Kumbe safari yenyewe ni Sib kwa bibi yake, nusu saa kwa gari. Aliposikia zawadi ya kubaki ni kipaza sauti, akaruka: "Sib si safari, Abla!" Akaandikwa akiba. Mimi nikishindwa, anasoma yeye.

"Ukikohoa tu," akaninong'oneza, "ukurasa wangu."

Sijawahi kuwa na likizo kama ile. Kila siku baada ya alasiri nilipanda juu ya kasha la nguo na mwiko mkononi ndio kipaza sauti, na Shangazi akakaa chini kwenye mkeka ndiye skuli nzima. Nilikuwa na mambo matatu ya kusoma. Kwamba ngamia ana kope tatu kwa kila jicho. Kwamba pweza ana mioyo mitatu. Kwamba shingo ya twiga, na urefu wake wote ule, ina mifupa saba tu sawa na yetu. Nasoma kwa Kiarabu, kisha namtafsiria.

"Pweza ana mioyo mitatu, Shangazi."

"Mingapi?"

"Mitatu."

"Toka wee! Pweza nnampika tangu nna miaka minane, nampiga, namchemsha, namtia nazi, sijauona hata mmoja. Kakwambia nani?"

"Kitabu."

"Hicho kitabu hakijapika." Kisha akajisawazisha mkekani. "Haya baba, tena. Na usimeze maneno, mimi nimekaa mstari wa nyuma huku, sikusikii."

Tena, na tena. Wiki ya pili ilipofika midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na yangu. Kiarabu kile hakukijua neno kwa neno, lakini alijua linafuata lipi, na nikiruka mahali alininyooshea kidole.

Siku nane kabla ya skuli kufunguliwa, baba aliona ni aibu mtoto wake amalize likizo bila kuona jua. Ijumaa baada ya sala akanipeleka Yiti, pwani. Nilipinga. Nikapelekwa. Nikaingia baharini kwa sababu watoto wengine waliingia, upepo wa Januari ukavuma, na usiku wake nikaanza kukohoa. Tazameni basi: likizo nzima nimetoka mara moja tu. Watu hunilaumu kwa kukaa ndani, hawajui nilifunzwa na nani.

Kikohozi kilikuwa kile cha kubweka. Nilifungua mdomo kusoma habari za ngamia, ikatoka sauti ya mlango mbovu. Nikamwona Ruqaya jukwaani, nikaliona tabasamu lake. Nikalia juu ya kasha, mwiko mkononi.

"Shuka," akasema Shangazi. "Vua fulana."

Akaenda kabatini kwake, akasogeza udi na chetezo, akatoa kichupa cha mafuta ya karafuu. Kilikuwa kidogo, urefu wa kidole gumba. Kilikuja mara moja kwa mwaka na yeyote aliyetoka Unguja, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Akadondosha matone kwenye kiganja, akachanganya na mafuta ya nazi, akanisugua kifua, mgongo na koo mpaka nikawaka kama jiko. Kila siku baada ya Magharibi ikawa hivyo, wiki nzima. Siku ya mwisho nilikiona kichupa kimegeuzwa kichwa chini kwenye kisahani, tone la mwisho linasubiriwa literemke. Kikohozi kikapungua, kikabaki kimoja kimoja, kama mgeni aliyeaga lakini bado kasimama mlangoni.

Jumamosi ikafika. Enzi hizo wiki yetu ya skuli ilianza Jumamosi. Sikulala vizuri kwa furaha, nikaamka kabla sijaamshwa, na Shangazi alikuwa tayari ananisubiri na lile tone la mwisho, pamoja na sweta tatu. Sweta zote zikaingia chini ya kanzu yangu nyeupe ya skuli. Kofia ikaja juu. Mikono haikushuka, ilisimama pembeni kama ya mtu anayebeba matikiti mawili asiyoyaona.

"Shangazi, nitafia huko kwa joto."

"Utafia baada ya kusoma. Nenda!"

Uwanjani kulikuwa na kelele tamu, ya watu mia kadhaa ambao hawajaonana wiki tatu. Huyu kaona theluji kwa macho yake, anasema. Huyu kang'olewa jino, yule kapata mdogo wake wa kiume. Vitabu vya muhula wa pili vilikuwa vimerundikwa mlangoni mwa ofisi, bado na kamba zake, na sote tuliviangalia kwa matumaini kwamba hivi havitakuwa vigumu kama vile vya kwanza. Nikaingia mstarini na ukurasa wangu, moyo wangu mmoja unafanya kazi ya mitatu.

Sasa lazima niwaambie kitu. Kila mwaka, mwanzoni mwa muhula wa pili, skuli ilitembelewa na watu wa meno. Walikuja na gari lao na viti vyao, na kabla hujawaona uliwasikia kwa pua, maana chumba chao chote kilinuka karafuu.

Ruqaya, nyuma yangu, alinusa. Akanusa tena. Kisha akapiga ukelele uliofika Mutrah:

"Watu wa meno! Wamekuja watu wa meno!"

Mstari wa darasa la nne ukapasuka. Mmoja akaziba mdomo kwa viganja viwili, watano wakakimbilia vyooni, yule aliyeng'olewa jino akawa anamwonyesha kila mtu pengo lake kama mtu anayeonyesha pasi ya kusafiria. Darasa la kwanza hawakujua kinachokimbiwa, wakalia kwa kutusaidia. Mwalimu mkuu akapuliza filimbi mpaka akawa mwekundu.

Abla Samiha hakupuliza kitu. Alipita mstarini polepole, ananusa mtoto baada ya mtoto, mpaka akasimama mbele yangu. Akaivuta kola ya kanzu kwa kidole kimoja, akachungulia sweta ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni mwanafunzi au biriani?"

Waliocheka ni wale wale waliokuwa wanalia. Nilitamani uwanja ule unimeze na sweta zangu. Na hapo, kwa sababu ya ule moto wa aibu, nikakohoa.

Mkono wa Ruqaya ukaja chini ya pua yangu, kiganja wazi. "Nipe. Wewe hata kipaza sauti kitakukimbia."

Nikaanza kumpa. Kweli, karatasi ilikuwa imeshatoka mkononi nusu. Wiki tatu za mwiko na kasha, na mimi namkabidhi kama anayerudisha kitu cha wenyewe.

"Nani kakupaka?" akauliza Abla.

"Shangazi yangu."

"Kakupaka kichupa kizima?"

"Kizima, Abla."

Akautoa mkono wa Ruqaya pale ulipokuwa, bila ukali, kama mtu anayemtoa nzi kwenye sahani. "Mtu hamalizi kichupa kizima cha haya mafuta ili koo likae kimya. Panda ukasome."

Nikapanda. Kipaza sauti kilikuwa baridi na kilinuka chuma. Nikasema, "Je, wajua," na sauti yangu ikatoka mahali pengine kabisa, juu ya nguzo, kubwa, ya mtu nisiyemfahamu. Kope za ngamia zikapita salama. Nikafika kwa pweza. Nikavuta pumzi, na yule mgeni wa mlangoni akarudi ndani. Nikakohoa ndani ya kipaza sauti, mara moja, mara mbili, na spika zote nne zikakohoa nami. Chini nikaiona karatasi mikononi mwa Ruqaya. Alikuwa ameshanakili yote nyumbani kwa bibi yake, hakuhitaji hata yangu. Alikuwa ameinua mguu mmoja, tayari kupanda jukwaani.

Na hapo masikioni mwangu nikamsikia Shangazi: sijauona hata mmoja. Nikacheka. Mbele ya skuli nzima na bendera, nikacheka, na kicheko kikafanya ambacho mafuta yalikuwa yanajaribu kufanya wiki nzima. Koo likafunguka. Pweza akapata mioyo yake mitatu, twiga akapata mifupa yake saba, nikashuka watu wanapiga makofi. Ruqaya naye alipiga, mara tatu, nilihesabu.

Adhuhuri nilipanda ngazi mbili mbili. Shangazi alikuwa amekaa, miguu ameinyoosha juu ya kigoda, na chakula siku hiyo alikuwa amekipakua mama, jambo ambalo halikuwa kawaida.

"Leo magoti yamegoma," akasema. Kisha, kabla sijafungua mdomo: "Pweza alitaka kukukaba, eh? Lakini kucheka! Mbele ya walimu wako unacheka, mwana usiye haya?"

"Umejuaje?"

"Nna watu wangu."

Niliamini ana jini skulini. Muhula mzima nilikaa darasani kama malaika, sikunakili hesabu hata moja kwa Ruqaya, na matokeo yangu yakawa mabaya kuliko ya muhula wa kwanza.

Mwaka juzi tangi la maji lilipasuka juu ya paa la jengo letu, fundi akataka mkaazi mmoja apande naye, na kwa kuwa mimi huwa nyumbani daima, nikapanda. Ilikuwa saa moja asubuhi. Tulipotokea juu, mlio wa mabati ya mafundi ukabaki upande wa barabara, na upande wa pili, chini yangu kabisa, ulikuwa uwanja wa skuli na mistari yake. Sauti ya msichana ikapanda kutoka kwenye spika, safi, herufi kwa herufi: "Je, wajua?" Aliposita kugeuza karatasi, niliisikia karatasi.

Fundi akaniuliza kama nna kizunguzungu. Nikamwambia kidogo.

Wakati wa kushuka nilihesabu. Kutoka mlangoni kwetu mpaka paani ni vidato arubaini na vinne. Nilishuka upande upande, mkono ukutani, nione inavyokuwa. Na njiani ndipo nilipojiuliza kitu ambacho miaka yote sikukiuliza: kile kichupa, kabla hakijawa cha koo langu, kilikuwa kinakuja kutoka Unguja kila mwaka kwa kazi gani? Asubuhi ile nilidhani nanuka aibu. Nilikuwa nanuka dawa ya magoti ya shangazi yangu, ya baridi nzima.

Siku hizi mafuta hayo yanapatikana dukani, na kumpaka ni kazi yangu, kila alasiri. Juzi nilipotoka kwa daktari nilikaa miguuni pake, shavu limevimba, nikaanza na goti la kulia.

"Shangazi, siku ile ya pweza ulipanda juu ya paa?"

"Nani? Mimi? Na magoti haya?"

"Ulijuaje kwamba nilicheka?"

Akatazama televisheni, ambayo ilikuwa imezimwa.

"Nilikwenda kuanua nguo."

Nguo zetu enzi hizo mama alizifua Alkhamisi, na kufika Ijumaa zimeshakunjwa, na siku ile ilikuwa Jumamosi. Nikadondosha mafuta kiganjani, nikampaka goti la pili.