Kutoka Roret Hadi Sigor Kuuliza Habari za Pampu

Nilitoka nyumbani kwa hasira, wacha niseme hivyo kabla ya mengine. Pampu yetu ya maji, ile isiyokula mafuta wala stima, inayosukumwa na nguvu ya mto wenyewe, ilikuwa imenyamaza wiki tatu. Watu wa mradi waliotupatia pampu hiyo walikuwa wametuma habari kwamba Alhamisi wanakuja, na wakikuta bado imekufa, wanaifungua na kuipelekea kikundi kingine. Nyumba yangu iko juu ya kilima, upande wa Roret. Mto uko chini kabisa, na juu kidogo ya mahali tunapochota kuna josho la ng'ombe. Mtoto wangu Chelangat, miezi minane, alikuwa ameharisha mara mbili tangu turudi kuchota huko. Nesi aliniambia nichemshe maji. Nikamwuliza, na kuni utaniletea wewe?

Jumatatu kwenye mkutano nilisimama na kumwambia mwenyekiti wetu, Mzee arap Langat, kwamba komiti yake ya wanaume sita ndiyo iliyoua pampu. Wanashinda kule chini wamekalia mawe wakiongea siasa, ufunguo wa geti mfukoni, na sisi wanawake tunaobeba maji tumekatazwa hata kuingia ndani ya fensi. Mzee hakukasirika. Hilo lilinikera zaidi.

"Wewe umesoma mpaka fomu foo," akasema. "Kuna kikundi huko Sigor kilipewa pampu kama hii, na yao inafanya. Enda uwaulize."

Wanaume wakacheka. Walidhani sitaenda.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa barabarani na Chelangat mgongoni. Pikapu ya maziwa ilinibeba katikati ya mikebe hadi Kapkatet. Kulikuwa na ukungu juu ya majani ya chai, na wachumaji walikuwa wameshaingia shambani, vikapu mgongoni, aproni za plastiki kiunoni. Kwa watu wanaopita na kamera hiyo ni picha nzuri. Mimi nilikuwa nahesabu tu ni wangapi kati yao walishateremka mtoni alfajiri kabla ya kushika jani la kwanza.

Nikapanda matatu hadi Sotik, na hapo nikapata lori la mbolea linaloelekea Bomet. Dereva alikuwa Mjaluo, mfanyakazi wa siku nyingi katika kiwanda kimoja cha chai, jina lake Ouma.

"Mama, unaenda wapi na mtoto mdogo na hasira kubwa hivyo?"

"Nani amekuambia nina hasira?"

"Umefunga mlango ya gari yangu kama unataka ibaki mkononi."

Nikamweleza habari ya pampu, ya komiti, ya Alhamisi. Akasikiliza mpaka mwisho, jicho barabarani.

"Sisi kiwandani," akasema, "mashine ikianza kugonga vibaya, hatuulizi nani mbaya. Tunauliza nani aliishika mwisho."

"Ni hao wanaume sita."

"Uliwaona?"

Nikageuka dirishani. Sikupenda swali lake.

Saa tano tulifika Bomet. Nilinunua ndizi mbili, nikambadilisha mtoto nepi nyuma ya duka, na kabla sijakaa nikasikia trekta linakwenda Sigor kuchukua mahindi. Nikapanda trela. Kutoka hapo nchi inabadilika. Chai inaisha nyuma yako, miti inakuwa ya miiba, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, na ng'ombe wanaonekana wengi kuliko watu. Nikajiuliza, hawa watu wa nchi kavu namna hii ndio watatufundisha habari ya maji sisi ambao mvua hutunyeshea karibu kila alasiri?

Saa tisa, Sigor. Niliuliza sokoni, wakanipeleka kwa Rael, katibu wa kikundi chao, mwanamke wa rika langu mwenye mikono minene na mdomo usiopumzika.

"Chamgei," akanisalimu. "Kaa kwanza."

"Sikuja kukaa."

"Basi kunywa umesimama," akasema, akanipa mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kikombe, akamchukua Chelangat na kumfunga mgongoni mwake bila kuomba ruhusa. "Sasa twende, kabla hujanivunjia nyumba."

Tuliisikia pampu kabla ya kuiona. Tak, tak, tak, kama mtu anayegonga mlango na ana hakika kuna mtu ndani. Fensi ilikuwepo, ila geti halikuwa na kufuli. Mwanamke mmoja alikuwa hapo akifua nguo.

"Leo ni siku yake," Rael akaeleza. "Kila nyumba ina siku. Unakuja na nguo zako, unafua, unasikiliza. Ikibadilisha sauti, unaniita."

"Na wanaume?"

"Walichimba mtaro, wakalaza paipu. Walifanya kazi kweli, siwezi danganya. Lakini watu wa mradi walipokuja tuliwaambia, fundisheni wenye kuchota. Wakabisha. Tukawaambia basi rudini na chuma chenu."

Nikachuchumaa karibu na pampu. Ilikuwa sawa na yetu, ndugu wa tumbo moja. Chini ya tungi lake la chuma kulikuwa na katundu kadogo, na kila ilipogonga, katundu kalitema maji kidogo.

"Yenu inavuja," nikasema. Nilisema kwa furaha, na leo naona aibu kuandika hivyo.

"Haivuji. Inapumua. Hapo ndipo inavuta hewa. Hewa ikiisha ndani ya tungi, maji hayana cha kuyasukuma mpaka juu kwa tangi. Inagonga, inagonga, halafu inakufa."

Nililijua lile tundu. Mwezi na nusu nyuma niliteremka mtoni, nikakuta komiti wamesahau kufunga geti, nikaingia kuangalia. Nikaona maji yanatoka. Sasa niambie, mtu aliyebeba maji kilima kile tangu akiwa msichana, ataangalia maji yakimwagika hivyo aende zake? Kwetu tukikata chai hatutupi vijiti. Mti wa chai ni mgumu, ukiuchonga na kuupigilia unavimba ndani ya maji na hautoki. Tunaziba nao mitungi, debe, kila kitu. Nilichonga kimoja, nikakipigilia kwa jiwe, nikapanda nyumbani nikijisifu. Wiki tatu baadaye pampu ikanyamaza.

"Yenu imezibwa?" Rael akauliza.

"Imezibwa."

"Na nani?"

"Wanaume."

Akaniangalia, akicheka kwa macho tu. "Mwanaume haoni maji ikitoka kidogo hivyo. Hiyo ni mkono ya mwanamke."

Alinionyesha bolti ya kufungua ili tungi litoke maji na kujaa hewa tena, akanifanya nirudie mara tatu, akanipa mahali pa kulala.

Jumatano nilirudi kwa njia ile ile, na sikumbuki hata mti mmoja. Nilikuwa napanga kuteremka mtoni peke yangu, ning'oe kijiti, nikitupe, pampu ilie, niwe shujaa. Hakuna ambaye angejua. Nilifika karibu na Sotik nikiwa nimeshaandika hotuba yangu kichwani. Halafu nikamfikiria jirani yangu, kisha mke wa shemeji yangu. Wote wana visu na wote huchukia maji kumwagika. Nikinyamaza, kabla ya Krismasi mmoja wao ataziba tena.

Saa kumi jioni nilifika mtoni. Komiti walikuwa pale, na wanawake wengi nje ya fensi wakingoja nimseme mzee.

"Ni mimi niliyeiziba," nikasema, nikawaonyesha mahali.

Hakuna aliyecheka. Mzee arap Langat akainama, akatazama, akasema polepole, "Hiyo tundu tuliambiwa isiguswe. Siku ya mafunzo. Hata iko kwa kile kitabu cha Kiingereza walituachia."

"Mliambiwa?"

"Sisi sita."

"Na mbona hamkutuambia?"

"Si nyinyi hamkuwa mnaingia. Tuliona haina haja."

Hasira yangu ikarudi yote, lakini sasa ilikuwa na mahali pa kukaa. Nikamwomba spana. Alisita, akatoa. Nikafungua bolti, maji yakamwagika kutoka kwenye tungi, nikang'oa kijiti kwa koleo mpaka jasho likanitoka. Mzee mwenyewe ndiye aliyekanyaga valvu, kile kifuniko kinachogonga, kwa mguu kuiamsha pampu, mara ishirini hivi, mpaka ikashika mwendo wake.

Alhamisi watu wa mradi wakakuta maji yanaingia tangini. Waliniuliza kuna shida gani nyingine. Nikawaambia: mlifundisha wasiochota, kwa kitabu cha Kiingereza, mkaenda. Mimi nilikosa, na nimesema mbele ya watu kwamba nilikosa. Sasa na nyinyi semeni.

Yule mkubwa wao akafunga daftari lake, akauliza wanawake wanaweza kukusanyika siku gani.

"Leo," nikasema. "Wako hapa. Geti liko wazi."