Picha Nyeusi za Bi Arlene

Kwa mwaka mmoja na nusu Dorah Kihwele alipiga deki ghorofa ya tatu ya jengo moja huko Silicon Oasis, Dubai, na muda wote huo alikuwa akizitupia jicho kompyuta za ofisi ya pembeni. Ofisi hiyo iliuza vibanda vidogo vya kuwekea ndege chakula, vyenye kamera ndani. Mteja aliyeko Marekani au Uingereza anakitundika kibanda nyuma ya nyumba yake, anakijaza mbegu za alizeti, na kila ndege anayetua anapigwa picha. Kompyuta inakisia jina la ndege, kisha watu wa ofisini wanakagua kama imepatia.

Siku moja, akiwa bado ameshika deki, alimwambia Jairus, Mkenya aliyekaa karibu na mlango, kwamba yule ndege kwenye kioo cha kompyuta yake hakuwa njiwa, mdomo wake ulikuwa mfupi mno. Jairus alitazama, akacheka, akamwita msimamizi wao, Madam Hind. Hind akampa Dorah picha hamsini za kujaribia. Alikosea mbili. Viza yake ilipobadilishwa, akapewa kiti na kompyuta yake mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Kilolo, mkoani Iringa, alikokua akifukuza ndege kwenye alizeti za mama yake.

Mwezi wa tano picha nyeusi zikaanza kumfikia.

Zilitoka kwenye kibanda cha Bi Arlene, mjane wa miaka sabini na kitu, aliyeishi peke yake katika milima ya mashariki mwa Marekani. Aliandika kulalamika kwamba kamera inakufa kila alfajiri, na mbegu zote zinaisha. Ofisi ilimtumia kamera mpya. Nayo ikaleta weusi. Jairus alisema ni unyevu tu, wamtumie ya tatu.

Dorah hakuridhika. Aliifungua picha moja, akaiongezea mwanga mpaka mwisho, akasogeza uso karibu na kioo. Weusi ule ulikuwa na manyoya.

Alimwandikia Bi Arlene kuomba ruhusa ya kutazama video za kamera yake, na bibi akakubali. Kwenye video ya alfajiri ile mlingoti uliobeba kibanda ulitikisika, ikaja pua pana yenye majimaji, halafu ulimi mrefu ukafagia mbegu zote kwa mkupuo mmoja, na kifua kizito kikaegemea kamera na kuiziba. Dorah alijikuta amesimama. Dubu alikuwa amemwona kwenye kitabu cha shule tu, na sasa alikuwa akizihesabu kucha zake.

Hind alipoonyeshwa video alifurahi, lakini akamtahadharisha. Amwandikie mteja kwa upole kwamba ni mnyama, basi. Asimwambie akiteremshe kibanda, kwa sababu vibanda ndivyo wanavyouza. Dorah aliandika hivyo hivyo, ila moyo haukutulia. Katika malalamiko yake Bi Arlene alikuwa amesema kwamba kila saa moja asubuhi hutoka na ndoo kukijaza kibanda.

Kesho yake, saa tisa kasoro dakika chache alasiri, ambapo kule kunakaribia saa moja asubuhi, Dorah alifungua kamera kuitazama moja kwa moja. Dubu alikuwepo. Safari hii ilionekana wazi kwamba ni jike, na watoto wawili walikuwa wakigombania mbegu zilizoanguka chini. Barua pepe aliyomwandikia bibi jana yake haikuwa imesomwa.

Alimwomba Jairus apige simu nyumbani kwa bibi haraka. Simu ikaanza kuita. Ndipo kwenye vipokea sauti vyake Dorah akasikia mlango ukilia na ndoo ikigonga kizingiti.

Kamera zile zina spika ndogo, ambayo wateja huitumia kuwasemesha ndege. Dorah alibonyeza kitufe na kupiga ukelele kwa Kihehe, ule ule waliokuwa wakiwafukuzia nyani kwenye mahindi, kwa pumzi yote aliyokuwa nayo. Ofisi nzima iligeuka. Yule jike alishtuka, akauachia mlingoti, akatimka kuelekea msituni, na watoto wakamfuata mbio.

Jairus alimnyooshea simu. Bibi alikuwa amerudi ndani na kuipokea.

"Ni nani anapiga kelele bustanini kwangu?"

"Ni mimi, bibi. Naitwa Dorah. Niko Dubai."

Kisha Bi Arlene akasema kwamba alichokiona ni matako meusi makubwa yakiishia mitini, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Dorah alihisi Hind amesimama nyuma yake. Akasema tu.

"Kiteremshe kibanda, ukiweke ndani mpaka baridi irudi na dubu walale. Sasa hivi ndege hawakosi chakula. Ukikiacha hapo, atarudi na wanawe."

Bibi aliahidi kukiteremsha siku hiyo hiyo. Dorah akamrudishia Jairus simu.

Hind alimwita chumbani kwake na kufunga mlango. Dorah alijiambia khalas, kazi imekwisha. Hind akamgeuzia kompyuta na kumtaka aandike yale yale aliyomwambia bibi, yatumwe kwa kila mteja anayeishi karibu na misitu yenye dubu. Halafu akaongeza neno moja kwenye orodha ya wanyama: dubu. Hapo kabla halikuwemo.

Jioni, katika chumba chao cha mtaa wa Karama, Dorah alimsimulia Kuruthum, Mzanzibari aliyelala kitanda cha chini. Akashika nguzo ya kitanda, akawa dubu, akawa bibi mwenye ndoo, akawa yeye mwenyewe na kipaza sauti. Kuruthum alicheka mpaka akashika mbavu, akamtaka aanze upya. Mama yake, kwenye simu kutoka Kilolo, aliuliza huyo dubu anakula nini. Aliposikia ni alizeti, alisema huyo ni nyani tu, mwanangu, ila amenenepa.

Asubuhi Dorah aliwahi basi la kwanza. Zilikuwepo picha nyeusi za wateja wengine, zaidi ya elfu moja, ambazo ofisi ilizipuuza tangu baridi iishe kule, na alitaka kuzifungua zote yeye.